Korona ilifunga mitihani ya udereva miezi, foleni ikakaa miaka: tuliokuwepo Uingereza tuseme tulichokiona

MzeeWaKlachi (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi.

Kila wiki napokea meseji ileile kutoka kwa ndugu zetu waliofika Uingereza karibuni: "Mwalimu, nitafutie tarehe ya mtihani." Wanadhani nina mlango wa nyuma. Sina. Nafundisha udereva hapa Leicester, nilianza kabla ya korona, gari ni langu mwenyewe, na tarehe nazisaka kwa simu kama wanavyozisaka wao. Badala ya kujibu mmojammoja nimeona nimwage yote hapa: foleni ilizaliwaje, nini kilijaribiwa, kipi kilisaidia. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Machi 2020 kila kitu kilisimama, mtihani wa barabarani na ule wa nadharia wa kwenye kompyuta. Kwa England, mitihani ya magari madogo ilirudi 22 Julai, ikafungwa Novemba, ikafunguliwa Desemba, ikafungwa tena Januari 2021 mpaka 22 Aprili. Scotland wakasubiri hadi Mei. Ukijumlisha ni miezi minane na ushee. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya taifa, NAO, iliyotoka Desemba 2025 inasema mitihani kama milioni 1.1 haikufanyika mwaka wa fedha 2020/21. Februari 2020 mtu alikuwa anasubiri wiki 5. Septemba 2025 wastani ulikuwa wiki 22.

Sasa niulizeni: miezi minane imezaaje miaka mitano?

Jibu langu mimi niliyekuwa nje ya geti la kituo nikigandia baridi: foleni haikuzaliwa wakati wa kufungwa. Ilinenepa baada ya kufunguliwa. Mtahini mmoja kabla ya korona alikuwa anatahini watu 7 kwa siku. Waliporudi, kwa ajili ya kufuta magari na kutopishana kwenye chumba cha kusubiria, wakashuka hadi 5. Piga hesabu ya sokoni tu: siku tano za wiki, watu 35 wamekuwa 25. Kila mtahini anaacha watu kumi nyuma kila wiki, na milango iko wazi! Kurudi kwenye 7 ilikuwa Juni 2021. Wakati huo vijana wanaendelea kutimiza miaka 17, umri wa kuanza kujifunza gari hapa, na ndege zinaendelea kushusha watu.

La pili, na hili ndilo hakuna anayependa kulisikia: zaidi ya nusu ya wanaofanya mtihani hapa wanafeli. Hata kabla ya korona ilikuwa hivyo. Anayefeli hatoki kwenye foleni, anazunguka na kusimama nyuma. Tarehe zikiwa mbali mwanafunzi anaogopa, anakamata ya kwanza anayoiona hata kama bado gari linamzimikia kwenye mlima. Anaenda hajaiva, anafeli, amekula nafasi ya mtu na atakula nyingine. Foleni inazaa foleni.

Nina mwanafunzi mmoja sitamsahau. Nesi, mtu wa Morogoro, alikuja Novemba 2019 na leseni yake ya Tanzania. Sheria ya hapa inakupa miezi 12 kuendesha kwa leseni ya nyumbani, ukishapitisha hapo unarudi kuwa mwanafunzi na vibao vya L vyekundu. Mzimbabwe na Msauzi wanabadilishiwa leseni kwa fomu tu. Sisi hatumo kwenye orodha. Miezi minne ya mwaka wake ikaliwa na lokdauni. Wahudumu wa afya waliachiwa dirisha la mitihani ya dharura kipindi kile cha kwanza, ila ilitakiwa uthibitisho wa kazini, na mwajiri wake alizungusha barua mpaka dirisha likapita.

Akapata tarehe Oktoba 2020. Mimi siruhusiwi kukaa ndani siku ile, ni yeye na mtahini tu. Nimefuta usukani, gia, hendibreki, vitasa, mpaka gari linanuka kama wodi. Barakoa lazima, vioo vishushwe. Dada amevaa miwani, kila akipumua inaganda ukungu. Mvua inaingia dirishani inampiga bega la kulia. Kabla hajatoka getini nimemuona anainua miwani kwa kidole gumba, anaifuta na ncha ya mtandio, anashika gia, anaifuta tena. Dakika ya kumi na ngapi sijui, gari hilo linarudi. Utaratibu wa wakati ule ukifanya kosa kubwa mnageuza kurudi kituoni hapohapo, ili msikae ndani muda mrefu. Aliingia kipilefti mbele ya gari la mizigo ambalo anasema hakuliona, na mimi namwamini.

Tarehe iliyofuata aliyoipata ilikuwa Februari. Mnajua Februari 2021 kulikuwa na nini. Alipasi Juni, makosa madogo manne. Miezi yote ile alikuwa anapanda basi saa 11 alfajiri, maana zamu ya hospitali haijui lokdauni.

Nawasikiliza, hasa mliokuwa nchi nyingine. Wenzetu walifanyaje?

ChapChap_Dar

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, nondo tupu. Ila huku Bongo hakukuwa na lokdauni na barabara zilijaa kama kawaida. Nakuuliza kwa nia njema: mtihani wa nini kwa mtu aliyeendesha Morogoro–Dar miaka kumi, anapishana na mabasi ya mikoani usiku? Huyo nesi angepewa tu leseni yake.

MzeeWaKlachi

@ChapChap_Dar kuendesha anajua, tena vizuri. Kilichomshinda ni mazoea ya hapa: kutazama vioo kwa namna ambayo mtahini anaiona, na spidi ya maili 20 kwenye mitaa ya shule. Nilihitaji masomo sita naye, si arobaini. Hapo nakubaliana nawe nusu. Mtu mwenye leseni ya nje na rekodi safi angewekewa foleni yake fupi, wasimchanganye na kijana ambaye jana ndiyo kashika klachi.

MtuWaAtlanta

Mleta uzi umegusa penyewe. Huku Georgia walichukua njia ya mkato. Aprili 2020 Gavana Brian Kemp alisaini amri: kijana mwenye lena, yaani kibali cha kujifunza, ya mwaka mmoja na siku moja, hana kosa barabarani, mzazi athibitishe amefanya saa 40 za mazoezi, sita kati ya hizo usiku, basi leseni anapewa bila mtihani wa barabarani. Karibu vijana 20,000 walichukua. Foleni ikayeyuka ndani ya wiki chache.

Kelele zikaanza, maana wazazi ni walewale, nani atakataa kusaini? Mwezi haujaisha vizuri ikatoka amri nyingine: wote waliopewa warudi wafanye mtihani kabla ya 30 Septemba. Kwa hiyo foleni ilifutwa kwa kalamu ikarudishwa kwa kalamu. Mpwa wangu alikuwemo. Mei anatamba na leseni, Agosti anapanga mstari na leseni mfukoni!

Wisconsin nao Mei 2020 waliruhusu mzazi kudhamini kijana wa miaka 16 au 17 asifanye mtihani wa barabarani. Wao hawakurudi nyuma, waliendelea nao hata korona ilipopoa.

Shombe_la_Forodhani

Mzazi kudhamini! Babangu angesaini hata leseni ya kurusha ndege ili nisimwombe nauli.

NjeriWaBrampton

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, niko Ontario. Huku mfumo una hatua: G1 ni maswali, G2 ni mtihani wa kwanza wa barabarani, halafu G yenyewe ndiyo unaruhusiwa kila kitu. Korona ilipofunga vituo, watu wa G2 na G wote wakarundikana kwa mlango mmoja.

Kile walifanya Januari 2022 ni kupunguza mtihani wa G. Walitoa kupaki sambamba, walitoa kugeuza gari kwa hatua tatu, walitoa mitaa ya makazi. Hoja yao ilikuwa hayo yote umeshapimwa kwa G2, sasa kwa nini ukapimwe tena? Mtihani ukawa mfupi, mtahini anabeba watu zaidi kwa siku, barabara kuu bado unapimwa. Watu walilalamika ati leseni zimekuwa peremende. Mimi naona ilikuwa akili. Hawakuacha kupima, waliacha kupima mara mbili.

MzeeWaKlachi

@NjeriWaBrampton asante sana dada. "Waliacha kupima mara mbili." Hilo neno naliweka mfukoni, maana ndilo lililofanyika huku kwenye malori na hakuna anayelisifu. Kuna mtu wa malori humu?

Tanga_Mpaka_Dover

Tupo, ndugu yangu, tumepaki tunasubiri kupakuliwa, muda ninao.

Mwaka 2021 nchi hii iliishiwa madereva wa malori. Korona ilikuwa imefunga mitihani, na wageni wengi wa Ulaya Mashariki walikuwa wamerudi kwao. Mnakumbuka vituo vya mafuta mwezi wa tisa, watu wanapigana mangumi kwenye foleni ya petroli. Mafuta yalikuwepo bohari, wa kuyabeba hakuna.

Hapo serikali ikaamka. Zamani ili uendeshe semi-trela ilibidi ufanye mtihani wa lori la kawaida kwanza, upasi, ndipo urudi kufanya wa trela. Mitihani miwili kwa mtu mmoja. Kuanzia Novemba 2021 unaruka moja kwa moja. Pia ile sehemu ya rivasi na kufunga na kufungua trela wakaitoa kwa mtahini wa serikali, inaweza kupimwa na mtu mwingine aliyeidhinishwa, huko huko yadi ya mafunzo. Mtahini anabaki na barabara tu.

La tatu ndilo kubwa. Kulikuwa na mtihani wa mwenye gari dogo anayetaka kuvuta trela kubwa, la farasi au la boti. Wakaufuta kabisa, Desemba 2021 sheria ikaanza. Serikali ilisema hapo pekee zinapatikana nafasi kama 30,000 kwa mwaka, watahini walewale wahamie kwenye malori. Mimi ni mmoja niliyefaidika, nilipata tarehe yangu ya semi-trela bila kuzungushwa.

Ila nisiwadanganye. Jirani yangu alinunua trela Jumamosi, Jumapili yuko barabara kuu nalo, linacheza nyuma kama mkia wa samaki. Hajafundishwa kupanga mzigo. Nilimfuata nikamwambia shusha mashine mbele kidogo ya ekseli. Akaniangalia kama namroga.

ChapChap_Dar

Kwa hiyo wenye farasi waliachiwa, wenye watoto wa shule wanasubiri wiki 22. Naelewa dunia.

BintiUluguru88

Habari zenu kaka na dada zangu. Mimi ndiyo niko katikati ya hiki kikaango. Nilifika mwaka jana, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, natembea nyumba hadi nyumba. Leseni ya nyumbani imebakiza miezi miwili kufika mwaka. Nadharia nimepasi. Kila nikifungua tovuti saa 12 asubuhi naambiwa hakuna nafasi kilomita hamsini. Kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza tarehe kwa pauni 240, anataka namba ya leseni yangu. Nimlipe?

MzeeWaKlachi

@BintiUluguru88 mdogo wangu USIMPE. Mtihani kwa serikali ni pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na wikendi, basi. Hao ni vishoka wa kidijitali. Wana programu inayochota nafasi kwa sekunde, wanazishika kwa majina ya watu wengine, halafu wanawauzia nyinyi. Ripoti ile ya NAO inasema wapo waliolipa hadi pauni 500. Na ukimpa namba ya leseni yako, anaweza kuitumia kushika tarehe nyingine bila wewe kujua, ukienda kujisajili mwenyewe unaambiwa tayari una mtihani. Limetokea kwa mwanafunzi wangu.

Hili la walanguzi ni mtoto wa korona pia. Agosti 2020 walipofungua usajili kwa watu wote kwa mpigo, tovuti ilizidiwa ikafungwa kwa siku kadhaa. Watu wakajifunza somo moja: anayewahi ndiye anayepata. Palipo na uhaba dalali hakosi.

Fanya hivi. Chukua tarehe yoyote hata ya mbali. Ukishakuwa na tarehe mkononi, ndipo uanze kuvizia zinazoachwa na watu. Kuanzia Aprili 2025 anayeahirisha lazima atoe taarifa siku 10 kamili za kazi kabla, vinginevyo hela yake inapotea. Zamani ilikuwa 3. Kwa hiyo nafasi nyingi zinaanguka kama wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Hapo ndipo pa kukodoa macho, na uwe tayari kuendesha mtihani wiki mbili mbele, si kuanza kujifunza.

Shombe_la_Forodhani

Swali la mjinga: si waajiri watahini tu? Mbona mnazunguka?

MzeeWaKlachi

Si swali la mjinga, ndilo kila waziri anaanza nalo. Ripoti ileile ya NAO inasema kati ya 2021 na 2025 walifanya kampeni 19 za kuajiri, na idadi ya watahini ikaongezeka kwa 83 tu. Wanaingia kwa mlango huu, wanatokea ule. Rafiki yangu mmoja aliacha ualimu akaenda kutahini, akarudi. Anasema unakaa na mtu usiyemjua, hajaiva, huna breki upande wako kama gari ni lake binafsi, mara saba kwa siku, na wengine ukiwaambia wamefeli wanakutukana. Mwisho wa mwezi mshahara unazidiwa na wa mwalimu mwenye wanafunzi wa kutosha. Novemba 2025 walitangaza nyongeza ya pauni 5,000 kwa wanaobaki, na watahini 36 wa jeshi kuja kusaidia siku moja kwa wiki. 36! Nchi nzima! Nimecheka nikiwa peke yangu garini.

Waliita wastaafu, waliweka mitihani ya Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisemi ni bure, wapo niliowapeleka Jumapili wakapasi. Lakini hiyo ni kuongeza ndoo wakati bomba linavuja.

Na kuna bomba ambalo lingezibwa kwa saini moja. Cheti cha nadharia kinadumu miaka miwili. Wakati wa korona, leseni zenye picha zilizoisha muda kati ya Februari na Desemba 2020 ziliongezwa miezi 11. Ukaguzi wa magari wa mwaka uliongezwa miezi sita. Cheti cha nadharia kikakataliwa, watu wakaandika maombi, bunge likajadili, jibu hapana. Sababu waliyotoa ni kwamba maarifa yanachakaa. Kijana amepasi nadharia Oktoba 2018, tarehe zake za barabarani zimefutwa na serikali yenyewe mara mbili, Oktoba 2020 anaambiwa arudi kwenye kompyuta ajibu maswali 50 upya, na huko nako kuna foleni. Foleni mbili kwa mtu mmoja aliyekwisha kupasi. Na waliokaribia kuisha wakakimbilia barabarani hivyohivyo wabichi ili cheti kisiwafie mkononi. Mimi nilikuwa nao watatu wa namna hiyo. Wote walifeli.

MtuWaAtlanta

Mkuu unataka kusema walioiva ndio dawa, si watahini?

MzeeWaKlachi

Nasema ukitaka kupunguza foleni wakati wa gonjwa, anza na wale wasiopaswa kuwemo. Mwenye trela, kama alivyosema ndugu wa Tanga, ingawa huyo ningempa angalau nusu siku ya mafunzo. Anayepimwa mara mbili, kama Ontario. Mwenye cheti kilichoisha bila kosa lake. Mwenye uzoefu wa nje apewe mstari wake. Halafu wanaobaki wafike wameiva.

Na kuiva kuna kipimo. Mimi simpeleki mtu mpaka anifanyie mitihani miwili ya majaribio mfululizo, njia asizozijua, mimi nimenyamaza kama mtahini, na asifanye kosa kubwa hata moja. Wengine wananichukia kwa hilo. Mmoja alihama akaenda kwa mwalimu mwingine, akafanya mara nne. Angenisubiri wiki tatu.

NjeriWaBrampton

Na Binti wa Uluguru asikose kazi kwa hayo yote. Dada, mwambie mwajiri wako mapema kuwa mwaka wako unakaribia kuisha. Usiendeshe peke yako hata siku moja baada ya hapo, hata wakikusukuma. Bima haitakutambua.

BintiUluguru88

Asanteni sana, nimeelewa. Yule wa pauni 240 nimem-bloku. Mwalimu, nimechukua ya mbali kama ulivyosema, sasa navizia.

*(siku tisa baadaye)*

BintiUluguru88

Jamani! Nimepata! Mtu kaachia, Kettering, Jumanne ya wiki ya tatu kutoka sasa, saa 2:10 asubuhi. Pauni 62 ileile. Niliiona nikiwa kwa bibi mmoja namkoroga uji, nusura niumwage.

MzeeWaKlachi

Hongera mdogo wangu. Kettering huijui, na mimi siijui sana. Jumamosi saa 1 asubuhi uwe mlangoni, umelala vizuri, viatu vya soli nyembamba. Tutaanza na vipilefti vyote vya mji ule kabla watu hawajaamka. Na njoo na miwani yako.